Shikamoo Bi Mwanakheri, lete uthibitisho

Jamani, leo mama yangu kaambiwa athibitishe kuwa yeye ni yeye!

Corona hii tunaambiwa tukae majumbani, lakini pensheni haitoki mpaka mwenyewe aende ofisini na kitambulisho.

Nikampeleka, na karani ni jirani yetu hapa mtaani Malindi.

"Shikamoo Bi Mwanakheri. Presha vipi?"

"Marahaba mwanangu, alhamdulillahi."

Halafu kaitazama kadi.

"Picha ya zamani hii, haifanani na wewe. Kalete barua ya sheha wa mtaa wenu."

Nikamwambia ofisi ya sheha imefungwa kwa corona!

"Ndio utaratibu."

Kinyaa kilichonishika, astaghfirullah.

Tunatoka, karani huyo anatukimbilia: "Bi Mwanakheri, umesahau mwavuli wako!"

Nyie mngemjibu nini? Mie nimeupokea, nikamuuliza: "Una hakika ni wake?"