Syombua na Uzi wa Sweta

Shangazi yangu Syombua husuka viondo akienda kisimani, husuka akienda kanisani, na mahubiri yakirefuka mikono huanza tena chini ya leso. Mchungaji alishakata tamaa. Nampenda mno mama huyu, ingawa kwa ubishi angemchosha punda.

Mwaka jana kikundi chake cha wasukaji hapa kijijini Nuu kilipata oda ya viondo mia mbili kutoka Ujerumani. Zamani mnunuzi yule alichukua ishirini au thelathini tu, akihofia kwamba siku moja ushuru ungerudi. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Ulaya ulipoanza kutumika, hofu ikamtoka, akaongeza oda. Kikundi kikaajiri wasukaji wapya tisa. Mmoja wao ni Kasiva, mjane wa binamu yangu, mwana wa Shangazi; alikuwa akifulia watu nguo mjini Mlolongo, karibu na Nairobi, huku Shangazi akimlelea mtoto. Oda ikianguka, Kasiva angerudi Mlolongo, na safari hii angemchukua mwanawe. Shangazi hakulisema hilo, lakini sote tulilijua.

Mimi hufanya kazi ya ofisi mjini Wote, kwa hiyo niliitwa kujaza fomu ya kusafirisha viondo. Ilitaka tueleze kila kitu kwenye kiondo kimetoka wapi, kwa kuwa msamaha wa ushuru ni wa bidhaa za Kenya.

"Katani?" nikauliza.

"Ya hapa hapa. Nimekwangua mwenyewe."

"Ngozi ya mkanda?"

"Mbuzi ya hapo Mwingi."

"Na huu uzi mwekundu?"

Akakigeuza kiondo upande wa pili. Wasukaji wetu, tangu enzi za mama zao, hufumua sweta za mitumba na kusukia uzi wake, maana rangi haichuji na bei ni ya kutupa. Viondo themanini vilikuwa tayari, kila kimoja na mstari mwekundu wa sweta ambayo hakuna aliyejua ilitengenezwa nchi gani.

"Tuandike katani tu. Nani atajua?" nilisema, na mpaka leo naona haya.

"Mungu anajua. Na hao watu wakishika sisi na uongo moja, hata ile katani yetu hawataamini tena. Mimi siwezi weka sahihi hapo."

Zilibaki siku kumi na nne viondo visafirishwe. Shangazi akachukua kiondo chake mwenyewe, kizuri kuliko vyote, akaanza kukifumua mbele ya kikundi. Akina mama wakanung'unika weee, kisha mmoja mmoja wakafuata. Wakachemsha katani na magome ya miti, ikatoka rangi ya udongo wetu, wakaisukia mahali pa ule uzi mwekundu. Kasiva alisuka mpaka vidole vikapasuka, akavifunga vitambaa na kuendelea.

Viondo vilisafirishwa kwa wakati. Wiki tatu baadaye majibu yakaingia kwenye simu yangu: mnunuzi ameridhika, anataka vingine mia tatu. Nilimsomea Shangazi, akaniambia nirudie polepole. Nikarudia.

Akamgeukia Kasiva, akijifanya kuwa jambo lenyewe ni dogo. "Sasa huyu mtoto unaweza mwandikisha shule hapa."

"Nilishamwandikisha, mwaitu," Kasiva akamjibu mama mkwe wake, akimwita mama kwa Kikamba.

"Lini? Na majibu imekuja leo?"

"Siku ile ulifumua kiondo yako."

Shangazi akauficha uso kwa leso, akaniambia nikaangalie kama mbuzi wamekunywa maji. Nilikuwa nimewanywesha mwenyewe asubuhi, lakini nilitoka.