Miguu ya Dada Yangu

Dada yangu alianza kuburuta mguu wa kushoto mwaka aliovuna muhogo mwingi kuliko miaka yote. Kijijini kwetu Kisarawe, watu walishapata sababu kabla hata ya daktari: amerogwa na mjane jirani, ambaye dada alikuwa akigombania naye mpaka wa shamba. Dada akaacha kumwamkia. Wengine nao wakaacha. Mwishowe mjane akafunga virago, akahamia Gwata kwa mwanawe.

Mimi nafundisha biolojia Kibaha. Nilikumbuka baba yetu naye alivyotembea, magoti yamekaza, mpaka akawa mtu wa mkekani. Nilijua ni ugonjwa wa kurithi. Nilinyamaza. Niliogopa kubishana na wakubwa, na zaidi niliogopa miguu yangu mwenyewe.

Hatimaye nilimpeleka hospitali, daktari akatueleza. Dada aliuliza tulipofika kwangu Maili Moja, hapo Kibaha, nikiwa namvua viatu.

"Mdogo wangu, wewe ndiye mwalimu. Hebu nieleze kwa Kiswahili cha nyumbani."

Nikamwambia mshipa wa fahamu wa mguu unatoka mgongoni hadi vidoleni, na karibu kila kitu mshipa huo unachohitaji hutengenezwa kule juu. Ndani yake kuna protini ndogo mno zinazobeba mizigo, zikipiga hatua juu ya nyuzi. Moja ikiwa peke yake huachia upesi. Zikiwa kundi, hii ikiachia nyingine zimeshika, na mzigo unafika mbali.

"Zangu zimekufa?"

"Hapana. Nzima zimechanganyika na mbovu. Mbovu zinazikwamisha nzima."

"Mbona mikono haina neno?"

"Safari ya miguuni ndiyo ndefu."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyenifanyia."

"Hakuna. Umerithi kwa baba."

"Ulijua tangu lini?"

Sikuweza kumdanganya. "Zamani, dada."

Hakunigombeza. Alilia, akajifuta kwa pindo la khanga, kisha akasema, "Nipeleke Gwata."

Tulimkuta mjane uani, anapepeta mchele. Dada alishindwa kushuka kwenye bajaji, akasema palepale kitini, "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilikusingizia."

"Marahaba." Ungo haukusimama. "Mume wangu kazikwa kule. Tangu nije huku sijapalilia kaburi lake."

"Rudi nyumbani, mama."

"Nirudi kwa nani? Wewe umekuja. Wao je?"

Alisema amesamehe, akatufungia na mchele wa njiani. Lakini hakurudi. Masika yaliyofuata tukaletewa habari kwamba amefariki, na wamemzika hukohuko Gwata.

Baada ya msiba, nyumbani Kisarawe, dada aliniomba nimtoe nje, nimkalishe barazani. Kila aliyepita, dada alimwita, akamwambia kwamba yule mama hakumfanyia lolote. Wengine waliinamisha macho, wakaharakisha. Mmoja, mzee wa rika la baba, alisimama akanigeukia mimi.

"Na wewe msomi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," nikamjibu. "Nilijua, nikanyamaza."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.