Siku Nilipokataza Mikanda Isifunguliwe

Ndugu zangu, naanza na aibu yenyewe ili mcheke mmalize: mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokifukuzia miaka sita, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu anayeruka angani na feni mgongoni damu yake yote hushukia miguuni, na kwamba ile mikanda anayofungwa mapajani ndiyo inayoizuia isirudi juu kwa kishindo, kwa hiyo ukiifungua kabla hajakaa chini dakika kumi anakufa papo hapo, tena akiwa anatabasamu. Aliniambia kinyozi wangu pale Tabora mjini, naye aliambiwa na mteja, na mimi badala ya kucheka nikaiongezea biolojia (moyo, mishipa, nguvu za uvutano), nikaieneza mpaka ikamrudia kinyozi mwenyewe ikiwa imenenepa, akanisimulia kama habari mpya.

Sasa, Dada Leah alikuja Tabora na mashine ya aina hiyo, inaitwa paramota: kiti, injini yenye feni kubwa mgongoni kama sufuria ya pilau ya harusi, na bawa la kitambaa juu mfano wa parachuti. Alikuwa anapiga picha njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Ujiji, kituo kwa kituo, na alitaka mtu wa pikipiki wa kumtangulia chini, abebe petroli na kutandika shuka jeupe mahali pa kutua. Nikapata mimi. Nikapewa na kizibao cha kung'aa, na hicho kizibao, jamani, ndicho kilichoniharibu kichwa.

Asubuhi ya safari ya kwenda Usoke nikamuuliza, "Dada, kweli huogopi kufa?"

"Naogopa. Jana niliogopa sana nilipopanda pikipiki yako."

"Pikipiki? Si tunapanda kila siku!"

"Na helmeti yako huwa iko wapi kila siku?"

(Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, nimewekea vitunguu.)

"Kwenu hakuna mwenye kazi ya hatari?" akauliza. Nikamwambia yupo mjomba wangu wa Ipole, anapanda miti mirefu kurina asali, mkono mmoja moshi, mkono mmoja ndoo, nyuki wanamshona uso mzima.

"Ana kamba ya kujifunga?"

"Kamba ya nini, Dada?"

Akacheka, kisha akaniambia taratibu kwamba hatanidanganya, kuruka kuna hatari, lakini nikitaka kulinganisha nilinganishe na pikipiki, nisilinganishe na kujinyonga. "Injini ikizima, bawa linabaki wazi, nashuka polepole. Mara nyingi mtu anajiponza kabla hajaondoka chini: upepo mbaya, pupa, kujionyesha. Mimi naogopa nyaya na maji. Maji hasa. Nikiwa na hii mashine mgongoni, maji ya kiunoni yanatosha kunizamisha. Shuka liwe mbali na maji, umesikia?"

"Nimesikia, Dada." Nilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mahali tulipopanga palikuwa shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa, pana, tulivu, halina hata mbuzi. Nikafika mapema, nikasimama pale na shuka langu begani, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Siku hiyo ilikuwa ya mnada wa ng'ombe, na mnadani alikuwapo Mama Kabula, mama mzazi wa Kabula, binti ambaye nilikuwa nimeanza kumtafutia mshenga wa kupeleka posa. Nikajiuliza, huku shambani nani ataniona? Nikahamisha shuka, nikalitandika kati ya mnada na lambo la kunyweshea mifugo, nikajinyoosha kizibao. Lambo lenyewe lilikuwa limefunikwa na magugu ya maji, kijani kitupu, laini kama uwanja wa mpira wa matajiri. Nikasema, hayo siyo maji, hayo ni majani.

Mara mlio ukasikika kutoka upande wa mashariki, na watu elfu ishirini (haya, mia mbili) wakaacha ng'ombe wakakimbilia kwenye shuka, nami katikati yao nimeinua mikono kama trafiki. Dada Leah akazima injini, ndivyo anavyotua, akawa anashuka kimya, miguu mbele, ananielekea vizuri kabisa. Fahali mmoja akakata kamba. Akapita juu ya shuka langu, watu wakatawanyika mbele yake, na Dada Leah, asije akawaangukia, akavuta upande wa kushoto, kwenye ule uwanja wa kijani.

Uwanja ukafunguka.

Chubwi, kisha kimya. Feni lilimlaza chali, kamba za bawa zikamzonga mkono mmoja, uso ukaenda chini ya maji. Nilikuwa wa kwanza kuingia, hilo msininyime. Maji kiunoni, tope magotini. Nikamwinua kichwa, akatema maji, akasema neno moja: "Mikanda!"

Akazama tena, kwa sababu nilikuwa nimemwachia kichwa kwenda kuilinda mikanda.

Mikono yangu miwili ilikuwa juu ya vifungo, napiga kelele kwa wanaume waliokuwa wanaingia majini: "Msiguse mikanda! Mtamuua! Damu itarudi juu!" Nao, kwa kuwa nimevaa kizibao, wakatii. Mmoja akamshika kichwa, wanne wakakamata feni wamwinue pamoja na mashine yake yote, na kila wakivuta, tope nalo linavuta, wanazidi kwenda chini pamoja naye. Maji yalikuwa kidevuni. Yakafika mdomoni. Hakuweza tena kusema, alikuwa ananitazama kwa macho makubwa na kunipiga ngumi kwa ule mkono uliobaki, na mimi kila ngumi naihesabu kuwa damu imeanza kupanda. Yakagusa pua.

Hapo akaingia Mama Kabula, kitenge kimefungwa juu ya magoti, fimbo ya kuswagia ng'ombe mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema. (Mtu anazama, mimi naamkia.)

Hakuitikia. "Wewe, ng'ombe akianguka majini na nira shingoni, unaanza na nini?"

"Nira, mama."

"Unaitoa au unaikumbatia?"

"Naitoa, lakini huyu, mama, damu yake..."

"Toa mkono!"

Fimbo ikatua kwenye vidole vyangu. Nikaachia. Vifungo vikalia ta, ta, ta, kifuani na mapajani, na Dada Leah akachomoka kutoka kwenye kile kiti, wanaume wakambeba hadi nchi kavu, mashine ikabaki na tope.

Akakohoa mpaka nikadhani mapafu yatatoka. Mama Kabula akamfunika kwa khanga. Mzee mmoja akasema, "Si tulisema? Kuruka ni kujiua."

"Nimeruka kutoka Tabora mpaka hapa salama," Dada Leah akajibu kwa sauti iliyokwaruzika. "Kilichotaka kuniua ni shuka. Nani aliliweka pale?"

Watu wote wakatazama kizibao.

"Nilitaka Mama Kabula anione," nikasema.

"Nimekuona," akasema Mama Kabula.

(Posa haijakwenda hadi leo, na ile marahaba bado naisubiri. Helmeti sasa naivaa hata nikienda kununua chumvi, vitunguu vina mfuko wao, na nimeapa sitatandika tena shuka mahali popote isipokuwa kitandani.)

Lakini siku ile hofu yangu ilikuwa bado haijaisha. Nilisimama pembeni nimekodolea macho saa yangu. Dakika ya saba, anapumua. Dakika ya nane, anapumua. Jasho linanitiririka.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, mbele ya mnada mzima: damu, miguu, mikanda, dakika kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha, Mungu wangu, akaanza kutabasamu, nusura nianguke mimi.

"Kaka," akasema, "mikanda ya mapajani ni ya kunizuia nisidondoke kutoka kwenye kiti. Basi."