Mama Timazi na Kipimo cha Saa Moja

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Timazi, fundi mwashi. Ameshika mwiko miaka ishirini na sita na hakuna ukuta wake uliowahi kupinda. Mafundi wanaume walimcheka alipoanza. Siku hizi wanamwita kimyakimya aje kukagua kazi zao kabla mwenye nyumba hajafika.

Mwaka jana vifundo vya mikono vilianza kumvimba. Akiamka, vidole vimekakamaa, hata kufunga kitenge ni mpaka mumewe amsaidie. Daktari akasema ni ugonjwa wa viungo, akampa dawa, na kila mwezi akawa anampima damu kuangalia uvimbe wa ndani. Majibu ya kwanza yalikuwa sabini. Yakashuka hadi hamsini, kisha thelathini na nne. Mwezi wa nne, mikono imeshalegea na amerudi kupiga lipu, karatasi ikasoma arobaini na nne.

"Itabidi tuongeze dozi," daktari akasema.

"Lakini mimi najisikia mzima. Hiyo namba inapima nini hasa?"

Daktari alikuwa na foleni mpaka nje, akamwambia amuulize mpimaji wa maabara. Mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani, alimpeleka kwenye meza iliyokuwa karibu na sinki. Mirija myembamba ya kioo ilikuwa imesimama kwenye stendi, damu ndani.

"Tunaiacha saa nzima," alisema. "Chembe nyekundu zinazama zenyewe. Mwili ukiwa na uvimbe, chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama upesi. Saa ikiisha tunasoma zimeshuka milimita ngapi. Haisemi uvimbe uko wapi wala umeletwa na nini. Inasema tu kuna jambo."

Mama Timazi aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja.

"Dada, hii mirija inatakiwa isimame wima?"

"Wima kabisa. Ikiinama, chembe zinashuka haraka kuliko kawaida."

"Basi imeinama."

Mpimaji akacheka. "Jamani mama, mbona iko sawa!"

Mama Timazi hakubishana. Alikuwa anatoka pale kwenda kazini, na mkoba wake ulikuwa na vifaa. Akatoa timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia wima wa kuta, akauning'iniza kando ya mrija, akasubiri utulie. Juu uzi uligusa kioo. Chini, pengo la upana wa kidole kizima.

Mpimaji aliacha kucheka. Wakachungulia chini ya meza: tangu mafundi wabadilishe bomba la sinki wiki tatu nyuma, sakafu ilikuwa imetitia chini ya mguu mmoja.

"Miaka kumi na tisa niko hapa," mpimaji alisema polepole, "na sijaona."

"Wewe unaangalia damu, dada. Mimi naangalia kuta."

Stendi ikahamishiwa meza nyingine, na hiyo nayo ikapimwa kwa uzi kwanza. Damu ikatolewa upya. Saa nzima wanawake wale wawili walikaa wakiutazama mrija kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Ikasomeka thelathini.

"Kwa umri wako hiyo haitutishi," mpimaji akasema, akampeleka mwenyewe kwa daktari. Dozi ikabaki ileile, na wagonjwa wote waliopimwa wiki zile tatu wakapigiwa simu warudie.

Jioni mumewe alilitangazia baraza zima: "Mke wangu kawafundisha madaktari!"

"Sikumfundisha mtu," alisema, ila tabasamu lilimshinda kulificha. "Niliuliza swali, nikajibiwa vizuri, nikaangalia."

Jumamosi alirudi maabara na saruji, akabomoa kipande kile cha sakafu, akasakafia upya kwa mikono yake mwenyewe. Daktari alipotaka kuingia, alikuta ubao umekingama mlangoni.

"Hakanyagi mtu hapa mpaka kesho," Mama Timazi akasema bila kuinua macho.

Daktari akazunguka mlango wa nyuma.