Nilisimama Mbali, Picha ya Bahati Ikatoka Giza

Kosa ni yangu peke yangu, wasomaji. Ninaandika bila jina kwa sababu nikikutana na watu wa Mushaki njiani, bado ninageuza uso.

Mimi niko kijana wa ndoto nyingi. Muzungu mumoja mwenye studio ya picha ku Goma alinifundisha mashine ya picha, na mimi nikajiona tayari picha zangu ziko ku gazeti ya Léopoldville! Eh, kichwa yangu!

Rafiki yangu Bahati alikuwa anachezea timu yetu ya Masisi. Baba yake, mufugaji wa Mushaki, alikuwa anamupiga fimbo juu ya mupira, kwani ng'ombe zilibaki bila muchungaji. Sasa muzee alikuwa analala ku lopitalo ya Mweso, miguu imekataa. Aliniita:

— Mwanangu, nilimupiga sana. Sijamuona hata siku moja akicheza. Uniletee uso wake pale anacheza, nimuone mbele nikufe.

— Papa, utaona mpaka meno yake!

Njo vile nilimuahidi. Mpaka meno!

Timu ya Walikale ilikuja kucheza na sisi. Camion yao ilikwama mu matope, mupira ikaanza jua likishuka, ukungu umeshafunika vilima.

Nilikuwa na objektifu mbili, ni kusema macho mbili ya mashine. Ile fupi inafunguka sana, inakamata hata mwanga kidogo, lakini inaomba usimame karibu. Ile ndefu inavuta watu wa mbali, lakini inafunguka kidogo. Kukiwa giza, inataka muntu atulie kama muti. Nani anatulia mbele ya goli? Patron wangu, yule Muzungu wa studio, alinieleza yote ile. Nilijua!

Lakini nyuma ya goli ya Walikale kulikaa mwindaji wao, na ngozi ya paka-pori ku magoti, anachunga goli na dawa ya uchawi.

— Wewe wa mashine! Ukisimama hapa, macho yako itaoza!

Watu wetu wakacheka:

— Kaka, na ubatizo wako, unaogopa paka?

Niliogopa. Mimi niliyeimba ku misa asubuhi! Nikapanda kilima, nikafunga ile ndefu ku mashine, nikasema moyoni: itaweza tu.

Bahati akatia goli. Watu wakapiga kelele! Mimi nikabonyeza, nikabonyeza.

Picha zikatoka giza tupu, na kivuli moja imevutika kama moshi. Kurudilia picha haikuwezekana: Bahati alishapanda camion, kwenda kutafuta kazi ya mine, kuchimba madini, kule Walikale.

Nilipeleka ile kivuli Mweso, bila kujua ni ya nani. Mungu wangu, nilisema uongo:

— Njo yeye, Papa.

Muzee akaangalia sana.

— Mwanangu, hata mawe ya njiani anapiga na muguu wa kushoto. Huyu anapiga na wa kuume, ni mwingine.

Akashika mukono wangu, bila hasira.

— Basi niambie tu. Pale alitia goli, alikuwa anacheka?

Sikujua! Nilikuwa mbali. Uso wa rafiki yangu sikuuona.

Muzee alikufa juma ile. Bahati aliporudi, aliniuliza kitu kimoja tu: "Papa aliniona?" Nikamuambia ukweli. Mpaka leo hatusalimiane.

Ninyi vijana wenzangu wenye mashine, jioni ikifika, mushike objektifu yenye kufunguka sana na musogee. Mukiogopa kusogea, museme mapema: "Papa, sitaweza." Muzee angetuma mwingine. Kuko watu wengi ambao wangesimama pale karibu, wamuone Bahati, na waende wamuelezee baba yake na mudomo tu.

Mimi nilibeba mashine, sikuleta hata ile habari ya mudomo.