Doa la Jua Limerudi

Jamani, leo askari amenikuta nyuma ya nyumba yetu hapa Kyambogo na darubini ya mwalimu wetu wa fizikia.

Mwalimu aliniazima Ijumaa ile tuliyomwona mara ya mwisho. Jumatatu hakuja shuleni, na mpaka tumemaliza shule hakuna aliyetuambia alikokwenda.

Nilikuwa nimeelekeza mwanga wa jua kwenye karatasi, nachora madoa yake kama alivyotufundisha.

"Wewe! Unapeleleza nani?"

Nikamwonyesha karatasi tu. (Mnanijua.)

Akainama. Nikajua darubini imekwenda.

"Hii nyeusi iko nini?"

"Doa la jua, afande. Lilizunguka nyuma ya jua wiki mbili zilizopita. Leo limetokea upande wa pili."

Akaliangalia muda mrefu, bunduki ikining'inia begani.

"Kumbe yenye inaenda inarudi?"

"Madoa, ndiyo, afande."

Akaondoka, darubini akaiacha.

Mwalimu aliniambia siku nitakapoona doa limerudi nikamwite, hata akiwa anakula.

Limerudi, jamani. Mwenye kujua alipo, hata kwa kusikia tu, aniambie.