Mtoto wa Stoo ya Kahawa

Koplo Nkirote, mzaliwa wa Kaaga, hajui kunong'ona. Akiita shahidi, hata akina mama wanaouza ndizi ng'ambo ya barabara huitika. Ndiyo maana wenzake kituoni, huko upande wa Runyenjes, walicheka hadi machozi alipopewa dawati la watoto. Walisahau kwamba mwanamke huyu akishika jambo, haachii.

Asubuhi moja aliletwa Tabby, msichana wa miaka kumi na minne, aliyekutwa amelala kwenye stoo ya kahawa, kufuli limevunjwa. Sajini Salesio akamwambia anavyomwambia kila anayeingizwa seli: "Toa viatu." Msichana akapiga mayowe, akamng'ata mkono.

"Huyu ni mjeuri tu," Salesio akafoka, akipuliza mkono. "Nimeshapigia babake simu. Akija aende naye, akanyooshwe huko nyumbani."

Nkirote moyo ulimuuma. Mjeuri hutukana, huyu alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Sajini, huyo ameogopa. Niachie yeye."

Hakumpeleka ofisini. Alimtoa hadi nyuma ya kituo, penye jua, viatu vikiwa miguuni. Akavua kofia na mshipi, akaketi chini, akasogeza sinia la njahi, maharagwe meusi ya mesi. Wakaanza kuchambua. Hakuuliza kitu, na huko kunyamaza kulimtesa Nkirote kuliko gwaride la juani. Salesio alikuja kuchungulia, akasonya, akarudi ndani. Chai ya saa nne ikapita.

"Madam," Tabby akasema hatimaye, bila kuinua macho, "baba wa kambo akitaka kunichapa, anasema toa viatu kwanza. Ndio nisitoroke. Halafu anafunga mlango." Akavuta mkono wa sweta. Makovu ya waya yalipanda hadi kwenye kiwiko.

Nkirote akaurudisha mkono wa sweta polepole. "Umefanya vizuri kuniambia. Leo hulali kwake." Akampigia simu afisa wa watoto kule Embu, akamwacha Tabby na mpishi, akaingia ndani.

Mwanamume mmoja alikuwa kaunta, shati limepigwa pasi, wakicheka na Salesio. "Madam, nimekuja kuchukua mtoto wangu. Anatusumbua sana huyo."

"Mpe mtoto wake, Koplo," Salesio akasema.

"Haendi, Sajini. Huyu amemchapa na waya, makovu nimeyaona. Na kama kuna wa kujibu kwa mkubwa wa kituo, nitajibu mimi."

Kicheko kikakatika. Salesio alimtazama mgeni, akautazama mkono wake uliong'atwa, kisha akaenda kusimama mlangoni.

"Kaa kwa benchi, mzee," Nkirote akasema. "Anayebaki hapa leo ni wewe."